Bima ya lazima na mtoto wa selimundu

Tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kinachowaudhi wengi ni kulazimishwa kujiunga. Mama lishe anauliza: mwezi ambao biashara imelala, mchango nautoa wapi? Na aliyewahi kuonyesha kadi dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje, ana kila sababu ya kusita. Wengine wanakumbusha kwamba vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2022, na bima ya wote haikuwepo. Ni kweli.

Lakini tukumbuke Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya mtoto. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, yaani 4,200 kwa mwezi, mtoto akatibiwa. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja, ukisema wengi walioandikishwa walikuwa tayari wagonjwa. Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki.

Ila nani hasa aliikimbilia kadi ile? Nchini huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kila mwaka. Msamaha wa matibabu wa watoto wadogo unawafikisha miaka mitano. Baada ya hapo kliniki, vipimo, dawa ya haidroksiyurea, damu ya kuongezwa, kulazwa kila maumivu yanapomshika, mara nyingi huwa juu ya mzazi. Mama wa mtoto huyo alikata kadi mapema. Mwenye mtoto mzima akasema, nitakata akiugua. Sasa zile 4,200 zitamtosha nani? Hapakuwa na mzazi mkosaji hapo. Hiari ndiyo iliyowakusanya wagonjwa peke yao, na mfuko wa namna hiyo hauwezi kusimama hata ukisimamiwa vizuri vipi. Mtoto wa selimundu anahitaji mchango wa watoto wazima, tena wote.

Mjamzito naye, ingawa kwa sera huduma yake ni bure, bado mara nyingi anaambiwa aje na glovu, pamba na mpira wa kulalia. Asiye na hela yake mwenyewe husubiri mume apate, na damu ikianza kumtoka haimsubiri mume.

Kwa hiyo mimi naikubali lazima. Ugomvi tuuhamishie kwingine: sheria inataka wasio na uwezo wagharamiwe, basi ofisi ya mtaa itamhesabu vipi mama lishe ambaye si fukara wa kuandikwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wala hana kipato cha kuaminika mwezi hadi mwezi?