Harusi ndogo za pwani ya Uskoti na mikono inayozifanya

Kila nikituma picha za harusi ya huku kwenye kundi la familia, maswali huwa yale yale. Mbona watu 30 tu? Ukumbi uko wapi? Bibi harusi kavaa gambuti kweli? Na mvua yote hiyo, mbona hakuna anayekimbia? Shangazi yangu mmoja aliwahi kuuliza kwa upole kama upande wa bwana harusi walikuwa na shida ya fedha. Nimekuwa nikijibu vipande vipande. Leo nataka kujibu kwa kirefu, maana harusi hizi nazipenda na naona zinastahili kutetewa.

Ninazozisema ni za pwani ya magharibi ya Uskoti na visiwa vyake: Oban, Arisaig, Mull, Skye, Harris. Mawingu yanatoka bahari ya Atlantiki yamejaa maji, yanagonga milima na kumwaga hapo hapo. Baadhi ya sehemu za magharibi hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, wakati Edinburgh, upande wa mashariki, haipati hata theluthi ya hizo. Mei na Juni kuna afadhali kidogo, lakini afadhali tu. Na mvua ikikatika, upepo nao ukatulia, ndipo visubi wanapotoka, makundi kwa makundi, wanaingia machoni na kwenye nywele. Wenyeji wenye uzoefu huomba upepo kidogo siku ya harusi. Mtu aliyechagua kuoa pwani hiyo ameichagua pamoja na mvua yake, na harusi iliyopangwa kwa kutegemea jua huanza kuharibika tangu asubuhi, watu wakiangalia mbingu badala ya kuangaliana.

Sheria ndiyo iliyowafungulia mlango maharusi wa pwani. Chini ya Sheria ya Ndoa ya Uskoti ya mwaka 1977, kinachoidhinishwa kwa ndoa ya kidini ni mtu anayefungisha, si jengo. Mchungaji anaweza kuifungisha ufukweni, bustanini au kwenye ghala la mkulima. Wasajili wa serikali nao waliruhusiwa kutoka ofisini mwaka 2002, na mwaka 2005 wakaongezeka wafungishaji wa kihumanisti, ambao hawafuati dini yoyote. Kule England, kwa muda mrefu ndoa imefungwa kwenye jengo lililosajiliwa, kwa hiyo wengi wanaotaka ufukwe hulazimika kwanza kwenda ofisini, kisha ufukweni wanarudia kwa ajili ya wageni. Tofauti hii ya sheria ina umri. Baada ya England kubana ndoa za vijana mwaka 1754, wapenzi walikuwa wakivuka mpaka hadi Gretna Green, kijiji cha kwanza upande wa Uskoti, wakafungishwa ndoa na mhunzi mbele ya fuawe yake.

Uhuru huo hauna maana kwamba mambo yanakwenda ovyo. Kila mmoja kati ya maharusi hupeleka fomu ya M10, ya kutoa taarifa kwamba wanataka kuoana, kwa msajili wa eneo, isipungue siku 29 kabla. Msajili akiridhika hutoa hati, na bila hati hiyo mkononi, mfungishaji haruhusiwi kutamka chochote. Husainiwa pale pale na maharusi, mfungishaji na mashahidi 2 waliotimiza miaka 16, kisha irudishwe kwa msajili ndani ya siku 3. Kwenye harusi moja ya Arisaig, mchungaji aliitoa ndani ya koti, imo kwenye bahasha ya plastiki. Hapakuwa na meza, palikuwa na kreti la samaki lililopinduliwa. Mjomba wa bwana harusi akafungua mwavuli mkubwa akauinamisha juu ya ile karatasi, bibi harusi akasaini huku maji yanamchuruzika shingoni, na hakuna aliyefikiria kumfunika yeye. Karatasi ndiyo iliyokuwa haitakiwi kulowa.

Mimi ni fundi cherehani, na ndivyo nilivyoingia kwenye mambo haya. Nililetewa gauni la mama wa bibi harusi ili limtoshe binti yake. Kazi kubwa ilikuwa pindo. Pindo likiburuta kwenye mchanga mbichi hunywa maji, na maji hupanda taratibu hadi magotini, gauni likawa zito na mwanamke akatembea kama anavuta nyavu. Tulilikata juu ya kifundo cha mguu, na gambuti zikaonekana, zikapendeza. Hariri ikipigwa mvua inashika alama za matone, hilo kila fundi analijua. Sufu haina neno. Kizibao cha bwana harusi kilishonwa kwa Harris Tweed, kitambaa chenye sheria yake ya Bunge ya mwaka 1993: sufu isokotwe na kutiwa rangi kwenye visiwa vya Outer Hebrides, na mwenyeji wa visiwa hivyo akifume kwa mkono nyumbani kwake. Matone yanasimama juu ya kitambaa hicho, unayapangusa kwa kiganja, yanaanguka.

Kitu kilichonishinda kukiacha siku ile kilikuwa shali. Huko visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa, wanawake hufuma shali za sufu nyembamba kiasi kwamba shali nzima, ya kumfunika mtu mabega yote, inapitishwa ndani ya pete ya ndoa. Bibi wa bwana harusi alikuwa nayo. Aliipitisha kwenye pete yake mbele ya watoto jikoni, wakamwomba arudie, akarudia. Niliishika nikatafuta mahali uzi ulipoungwa, sikupaona. Nina miaka mingi kwenye kushona na sijui kama ningeweza kazi ile.

Vitu vingine vilikuwa vya kawaida zaidi, lakini vyote vilikuwa na mwenyewe. Kaka mtu alichonga quaich, kikombe kipana chenye mikono miwili ambacho maharusi hunywea pamoja. Viganja vyao vilifungwa kwa utepe uliosukwa kutokana na vipande vya nguo za familia mbili. Jirani alipika sufuria mbili za supu ya cullen skink, yaani samaki wa moshi, viazi na maziwa. Watoto walikata peremende ngumu ya sukari, siagi na maziwa ya kopo, wakaifunga kwenye karatasi kwa ajili ya wageni. Baada ya ufukweni tuliingia ukumbi wa kijiji, makoti yakatundikwa ukutani yakidondosha maji, mtu akacheza fidla, ikaanza ngoma ya ceilidh, ambayo kuna mtu wa kutangaza hatua moja baada ya nyingine ili hata mgeni asipotee. Nilicheza na mzee ambaye mchana kutwa alikuwa anapanga viti.

Hapo ndipo ninapotaka nieleweke. Siku hizi kuna makampuni yanauza harusi ndogo za Uskoti kama bidhaa. Wawili wanashuka na ndege, wanakuta upinde wa maua umeshasimamishwa kando ya maji, mpiga picha na msaidizi wake ndio mashahidi, saa moja imekwisha, upinde unang'olewa kwa ajili ya wawili wengine. Ndoa yao ni halali, na siwahukumu wale ambao familia zimewakataa au wanaoogopa watu. Lakini kwa wengine wote, naona hii ni harusi kubwa iliyotolewa watu tu. Maua yamefika kwenye boksi, hakuna aliyeyachuma. Anayewashuhudia hajui majina yao hadi ayasome kwenye hati. Mtu akiniambia anataka harusi ndogo, ninamuuliza nani atafanya nini. Akinitajia watoa huduma watupu, najua bado hajaanza kupanga.

Na shangazi, kwa heshima zote, hiki unachokishangaa mlikuwa nacho. Nikiwa mdogo Tanga, usiku wa kuamkia harusi uani kulikuwa na wanawake wamekaa kwenye mikeka wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu, wengine wanaimba, na wageni walikuwa zaidi ya 300. Wingi ule haukuua kitu, kwa sababu kila aliyekuja alikuwa na sehemu yake ya kazi. Kilichobadilika ni kwamba kamati sasa zinakusanya michango, vikao vinajadili bei ya ukumbi na mshereheshaji, na chakula kinaletwa na gari. Jamaa anatoa fedha, anapewa kadi, anakaa kwenye kiti. Mimi ningependa tumrudishie mchele wake.

Nimeanza kupata simu kutoka kwa Watanzania na Wakenya wanaoishi Glasgow wanaotaka kuoa namna hii, na nawaambia haya. Angalieni maji kabla ya kuchagua saa. Sehemu za Skye, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 4, na ufukwe mliouona mpana saa 4 asubuhi unaweza kuwa haupo saa 10 jioni. Msiweke hema juu ya yale majani yenye maua nyuma ya mchanga, ndege hutaga humo. Kodini ukumbi wa kijiji tangu mwanzo, msiusubiri kama tahadhari ya mvua, maana mvua ipo. Wapeni wazee viti karibu na mlango na mablanketi ya sufu. Na kama ni kisiwani, mfungishaji na hati walale kisiwani usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa sababu upepo ukizidi vivuko havisafiri, hata kama wageni wote wameshavaa.