Matabaka saba yamezikwa mapema

Kijana mmoja ninayemfundisha kazi ya mitandao aliniuliza swali tukiwa juu ya ngazi, tunavuta waya katika jengo moja la Mwembe Tayari: "Mwalimu, haya matabaka saba ya OSI tunayakariri ya nini, na intaneti yenyewe inakwenda kwa manne?" OSI ni mchoro unaogawa kazi ya mtandao katika matabaka, kutoka chini kwenda juu: la kwanza waya wenyewe, kisha kiungo, mtandao, usafirishaji, kikao, uwasilishaji, na la saba matumizi. Alikuwa ametazama video inayosema OSI ni maiti inayofundishwa kwa mazoea tu. Sikumjibu pale pale. Nusu ya maneno yake ni kweli, na kweli ya nusu ni ngumu kuijibu ukiwa na klipu za waya mdomoni.

Nianze na haki yake. ISO, shirika la kimataifa la viwango, lilianza kazi ya OSI mwaka 1977, na kiwango chenyewe, ISO 7498, kikatoka 1984. Kufikia hapo ARPANET, mtandao wa Marekani ulioizaa intaneti, ilikuwa imeshahamia TCP/IP tangu tarehe 1 Januari 1983. Hizo ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano: IP hupeleka pakiti za data, TCP huhakikisha zimefika. Wanakamati walikuwa bado wanapanga, wenye kompyuta walikuwa wanatumiana barua. Serikali ya Marekani ikajaribu nguvu: kuanzia 1990 idara zake zilitakiwa kununua vifaa vinavyofuata itifaki za OSI. Mwaka 1995 sharti likalegezwa, TCP/IP ikaruhusiwa rasmi, na mambo yakaishia hapo. Waandishi wa RFC 1122 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), Oktoba 1989, walitaja matabaka manne pekee: kiungo, intaneti, usafirishaji na matumizi. Lile la tano na la sita la OSI, yaani kikao na uwasilishaji, mwombe fundi yeyote akuonyeshe yalipo ndani ya rauta, atakuonyesha mlango. Hata TLS, inayoleta alama ya kufuli kwenye baadhi ya vivinjari, haina chumba chake mahususi. Imekaa juu ya TCP na chini ya HTTP, itifaki inayoleta kurasa za wavuti, ina mambo ya kikao, ina mambo ya uwasilishaji. MPLS nayo, inayoongoza pakiti kwa kuzibandika lebo, watu wameishia kuiita tabaka la mbili na nusu.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni hukumu inayofuata, kwamba kwa kuwa itifaki za OSI zilishindwa sokoni basi na mchoro wake hauna kazi. Hayo ni mambo mawili yaliyopewa jina moja. Na hao hao wanaoimba mazishi, wasikilize wakiwa kazini: nunua swichi ya tabaka la tatu, tumepigwa shambulio la tabaka la saba. La saba lipi, kama yapo manne? Kwa hesabu ya RFC 1122, HTTP ingekuwa tabaka la nne. Sijamsikia hata mmoja akisema hivyo.

Sasa nije kwa kile ninachokiona hakisemwi vya kutosha, na sisi wa Mombasa tulikiona kwa macho yetu.

Kabla ya 2009, data za kwenda ng'ambo kutoka hapa zilipanda setilaiti. Anayekumbuka saiba za Moi Avenue anakumbuka kulipa kwa dakika huku ukurasa ukishuka mstari kwa mstari. Kisha kebo za baharini zikafika: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Njia ya chini ikabadilika kabisa, kutoka mawimbi ya redio yanayopanda kilomita 36,000 angani hadi mwanga ndani ya uzi wa kioo uliolala chini ya bahari. Je, ni nani aliyeandika upya programu yake ya barua pepe? Ni saiba gani iliyofunga milango ili kuweka vivinjari vipya vinavyoelewa kioo? Hakuna. Mtu alilala kwenye setilaiti akaamka kwenye faiba, Yahoo yake ikiwa ile ile na neno la siri lile lile.

Hiyo ndiyo ahadi ya matabaka, na ilitimizwa kimya kimya kiasi kwamba hakuna aliyeishangilia. Kila tabaka linajua huduma ya lile la chini yake, halijui linavyofanya kazi. TCP inaomba IP ifikishe pakiti. Haiulizi kama pakiti itapita angani au Fujairah kule Falme za Kiarabu.

Mpinzani makini atanishika hapo hapo, na ana takwimu. TCP ya asili ilikuwa na dirisha la baiti 65,535: huo ndio mzigo mkubwa kabisa ambao mtumaji angeweza kuwa nao njiani kabla ya kupata jibu kwamba umefika. Kwenda na kurudi kwa setilaiti ya juu kunakula zaidi ya nusu sekunde. Tuseme milisekunde 550. Gawanya. Baiti 65,535 ni biti 524,280, na biti hizo katika milisekunde 550 zinatoa chini kidogo ya megabiti 1 kwa sekunde. Hata ungenunua megabiti 20 za setilaiti, muunganisho mmoja wa TCP ungekupa hiyo moja na zilizobaki zikalala. Peleka sasa dirisha lile lile kwenye kebo ya TEAMS, kilomita 5,000 hivi hadi Fujairah. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 50. Dirisha halikuguswa, kompyuta haikuguswa, lakini kikomo kimepanda hadi megabiti 10 na zaidi. Mara 11, kwa sababu ya urefu wa njia tu.

Nimeizungusha hesabu hii kichwani mara nyingi, maana inakata pande zote mbili. Anayepinga anasema: unaona, tabaka la nne linateswa na la kwanza, ukuta kati ya matabaka unavuja. Ni kweli unavuja. Kuanzia 1992, RFC 1323 ilileta njia ya kulipanua dirisha hilo, na makampuni ya setilaiti yalikuwa na vifaa vya kuidanganya TCP kwamba jibu limeshafika. Lakini tazama ugonjwa ulivyopatikana. Mtu alilazimika kutenganisha uwezo wa njia, urefu wa njia na subira ya TCP. Asiye na mchoro anaona kitu kimoja tu, "neti ni slo", na anakwenda kununua megabiti nyingine 20 za kulala.

Jambo dogo la karibu. Duka moja la vitabu na fotokopi, nyuma ya Markiti, lilikaa siku tatu na mtandao ambao haukufa wala haukupona. Ujumbe wa WhatsApp unapita. Google inafunguka. Tovuti ya kodi inaanza, inaonyesha kichwa cha ukurasa, kisha inazunguka mpaka inachosha. Kampuni iliyolifungia faiba ilituma mafundi mara mbili. Wa kwanza alizima na kuwasha. Wa pili alibadilisha rauta na akaondoka na ile ya zamani.

Mama mwenye duka alitupokea kwa kuchoka. "Mwanangu, usije nawe ukanibadilishia kitu," alimwambia yule kijana. "Kila anayekuja anabadilisha."

"Sibadilishi kitu, mama. Naomba kuangalia tu."

Akaanza chini, kama nilivyomfundisha na kama alivyokuwa akinung'unikia. Taa ya faiba ni ya kijani. Kebo ya kwenda kaunta ina kutu kidogo kwenye meno, chumvi ya bahari haisamehi, lakini swichi inaiona na hakuna makosa yanayohesabika. Anwani ipo. Ping, pakiti ndogo ya kupimia njia, inakwenda London na kurudi bila kupotea hata moja. Juu kabisa, tovuti ile ile inafunguka kwenye simu yangu kwa bando. Kwa hiyo chini ni salama na juu ni salama, ugonjwa umebanwa katikati. Akafikiria ukubwa. Akatuma ping isiyoruhusiwa kukatwa vipande, yenye baiti 1472: ikagoma. Akashusha moja moja hadi 1464: ikapita.

Anayejua ameshacheka. Ethernet, mtandao wa kawaida wa waya, hubeba baiti 1500 kwa pakiti. Kampuni ile humwingiza mteja kwa PPPoE, itifaki ya kumtambulisha kwa jina na neno la siri, ambayo inajitwalia baiti 8, inabaki 1492. Toa 28 za vichwa vya IP na ICMP, itifaki inayobeba ping, unapata 1464. Rauta haikuwekwa kuzipunguza pakiti za TCP zitoshee njia, na upande wa pili kuna ukuta wa moto (firewall) unaomeza ule ujumbe wa kusema pakiti ni kubwa mno. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea bila taarifa. Google ilifunguka kwa kuwa huduma kubwa nyingi zimeshazoea kupunguza zenyewe. Dakika mbili, kipimo cha mzigo wa TCP kikawekwa 1452, yaani 1492 toa 40 za vichwa vya IP na TCP, ukurasa wa kodi ukafunguka.

Baiti 8 za tabaka la pili zimemzuia mtu kulipa kodi kwenye tabaka la saba. Ukitaka ushahidi kwamba matabaka yanavujiana, huo hapo. Lakini aliyelipata tundu ni yule aliyejua ukuta ulitakiwa kuwa wapi. Wale wawili waliotangulia hawakukosa vifaa. Walikosa pa kuanzia.

Pingamizi ambalo bado linanisumbua ni jingine, na si la kihistoria. RFC 3439 ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayosema matabaka yana madhara: kila moja linarudia kazi ya mwenzake na kumficha mwenzake habari muhimu. Waifai inapoteza pakiti kwa sababu ya ukuta wa matumbawe wa nyumba za Mji wa Kale, TCP inadhani njia imejaa, inapunguza mwendo pasipo na foleni. Huo ni upumbavu wa kimuundo. QUIC, itifaki mpya ya usafirishaji iliyopata kiwango chake Mei 2021 kama RFC 9000, ilichanganya usafirishaji na usimbaji fiche pamoja, juu ya UDP, ndugu wa TCP asiyesubiri jibu, na ikapunguza safari za salamu za mwanzo. Hapa bandarini tungesema kontena limetiwa lakiri hata karatasi za mzigo zikiwa ndani. Vifaa vya katikati vilivyozoea kuchungulia na kurekebisha TCP sasa vinaona nje tu. Kwa anayetafuta kasi, kuvunja ukuta kati ya matabaka ni halali. Ila waliouvunja ni watu walioujua ukuta huo tofali kwa tofali.

Kwa hiyo darasani ningebadilisha nini? Ningepunguza muda wa la tano na la sita hadi robo saa, pamoja na kicheko. Ningefuta swali la mtihani linalotaka orodha ya majina saba kwa mpangilio. Kasuku naye angepita. Mahali pake ningempa mwanafunzi kisa: Februari 2012 meli ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa nje ya bandari yetu, ikaikata kebo ya TEAMS. Niambie kila tabaka liliona nini, na ni lipi lililotafuta njia nyingine.

Yule kijana bado anasema manne yanatosha. Tulipokuwa tunafunga mfuko dukani, mama aliuliza nani atamlipa siku tatu za wateja waliorudi bila fotokopi za fomu zao. Kijana akanitazama. "Hilo ni tabaka la nane, mwalimu," akasema, na akampa mama namba ya ofisi ya malalamiko.