Waswidi wa Volvo wanachekwa bure

Gesi ya Lindi ikianza kujadiliwa, Norwei iliyotajirika kwa mafuta haikosi kutajwa, na hapo hatakosekana mjuzi wa kuwacheka jirani zake Waswidi. Mwaka 1978 Norwei ilikubaliana na uongozi wa Volvo, kampuni ya magari ya Uswidi, ichukue asilimia 40 ya kampuni hiyo, nayo Volvo ipate nafasi ya kutafuta mafuta kwenye bahari ya Norwei. Januari 1979 wenye hisa wakakataa. Basi, tunaambiwa, Waswidi waliutupa utajiri jaani.

Mimi siwacheki. Wakati ule Uswidi ndiyo iliyokuwa kaka mkubwa, yenye chuma na viwanda. Norwei ilikuwa nchi ya majabali, samaki na meli. Ilikaa chini ya Denmark hadi 1814, ikaunganishwa na Uswidi chini ya mfalme mmoja, ikajitoa 1905 bila vita. Mafuta ya Ekofisk, kwenye bahari ya Norwei, yalipatikana mwishoni mwa 1969, baada ya visima kadhaa kutoka vikavu. Kitalu cha baharini bado kilikuwa kamari, na mwenye hisa ana haki ya kukataa kamari. Isitoshe, hayo magari ya Volvo yenyewe yaliuzwa kwa Ford mwaka 1999, kisha kwa Geely ya China mwaka 2010. Nani alinusurika hapo, Waswidi au Wanorwei waliozikosa hisa hizo?

Tena, mafuta peke yake hayatajirishi nchi, waulizeni Wanaijeria. Norwei ilimsikiliza Farouk al-Kasim, mjiolojia wa Iraki aliyefika Oslo 1968 na kuajiriwa wizarani. Alisaidia kusuka mfumo uliozaa, mwaka 1972, kampuni ya taifa na chombo tofauti cha kuisimamia sekta. Sheria ya mfuko wa mafuta, wa kuweka akiba ya mapato hayo, ikaja 1990. Fedha zake huwekezwa nje ya nchi, na serikali imejiwekea kikomo cha kuchota: kwa wastani, takriban asilimia 3 ya mfuko kwa mwaka.

Kaka mkubwa naye hajafa njaa. Chuma cha Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, hushuka kwa treni hadi bandari ya Narvik, upande wa Norwei, ambako bahari haigandi. Na Wanorwei, pamoja na mabilioni yao, huvuka mpaka kwenda Strömstad, mji wa Uswidi, kujaza buti za magari nyama na soda, maana kwa Waswidi ni bei rahisi.