Mbuzi Katoka Vizuri

Naona jamaa wa video kanitangulia, stori ya picha nilizopiga kwenye send-off imeshafika mpaka grupu la kwaya. Basi na mimi niseme yangu, ila tuanze na hili: sikuwa nimelewa. Nilikunywa Fanta mbili, na ya pili sikuimaliza maana MC aliita ndafu.

Ni ile send-off ya Sinza, Jumamosi. Mashine ya moshi imewashwa tangu saa moja, taa za kijani na zambarau zinazunguka, na lenzi yangu ni ile ile ya 50mm, gizani naifungua f/1.8 iingize mwanga. Bi harusi anaingia, nabonyeza, otofokasi inatafuta: zzz mbele, zzz nyuma, zzz mbele. Kamera imegoma kufyatua mpaka ione vizuri, na bi harusi hana habari, anatembea zake. Picha yake ya kwanza nimeipata ameshanipa mgongo.

Jamaa wa video akaniinamia. "Weka manyuo wewe. Auto waachie wanaojifunza gari."

Mnaonijua mnajua mimi na kuchokozwa. Nikasukuma kale kaswichi pembeni ya lenzi, kutoka AF, lenzi inajitafutia fokasi yenyewe, kwenda MF, natafuta mwenyewe kwa mkono. Kenyewe ni kama punje ya mchele.

Ndafu ikaingia, wapishi wanacheza nayo. Mbuzi mzima, rangi ya karanga, majani mabichi mdomoni. Akawekwa mezani, mita mbili kutoka niliposimama. Nikazungusha ringi taratibu mpaka yale majani yakajitenga moja moja. Nikajiona fundi. Maharusi wakaja wakasimama nyuma ya meza, wakaanza kulishana, nami nikafyatua mfululizo. Ringi sikuigusa tena.

Wadau wa kamera mmeshashika vichwa, najua. Kwa wengine: kwa mita mbili, lenzi hiyo ikiwa wazi hivyo, kinachotoka vizuri kwenye kamera kama yangu ni kina cha sentimita 17 hivi, mbele kwenda nyuma. Mbuzi alizimaliza zote peke yake.

Kioo cha nyuma ya kamera ni inchi 3, mle ndani kila kitu kinapendeza. Halafu zile zzz zimeisha, nikasema moyoni, leo lenzi imetulia. Keki, imetulia. Zawadi, imetulia. Mama mzazi anamkumbatia binti yake analia, imetulia.

Jumapili jioni mama mzazi kapiga simu. Shangazi anarudi Moshi na basi la alfajiri, anataka aone picha kabla hajaondoka. "Njoo nazo hivyo hivyo mwanangu, za kutengeneza utatengeneza baadaye." Nikamwaga zote kwenye flashi bila kufungua hata moja. Hapo ndipo mniulize vizuri: bila kufungua hata moja.

Sebuleni TV ni inchi 55. Rimoti nimepewa mimi. Wageni getini, safi, watu wanajitaja. Mara mbuzi.

Jamani, yule mbuzi. Tone la mafuta limening'inia kidevuni. Meno unayahesabu. Jani moja lina mshipa katikati, unauona. Nyuma yake kuna vitu viwili virefu, kimoja cheupe kimoja cheusi, vinapeana kitu.

Kimya. Shangazi akatoa miwani kwenye mkoba, akaifuta, akaivaa. "Hebu rudisha."

Nikarudisha.

"Ni macho yangu au TV?"

Mama akamwita mtoto aifute TV. Mtoto akaja na khanga, akafuta kioo chote, kona hadi kona, na mimi nimesimama na rimoti nikimwangalia kana kwamba na mimi nasubiri matokeo. Akamaliza, akakaa chini. Nikabonyeza.

"Mbuzi tena!" mtoto akasema.

Nikabonyeza haraka haraka. Mbuzi tena. Mbuzi tena. Mtoto kashaanza kupiga makofi.

Nikaruka mpaka kwenye zawadi, nikijua huko kuna usalama. Ikatokea ile ya mama anamkumbatia binti. Wao chenga tupu. Mbele yao kuna kiti, na utepe wa dhahabu wa kiti umetoka, nyuzi zote unaziona. Mama akaangalia muda mrefu. Akaniuliza polepole, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: "Mwanangu, hapa mimi ni yupi?"

Shangazi ndiye aliyeniokoa. "Ila mbuzi katoka vizuri," akasema, na sebule nzima ikaanguka.

Ya baadaye ni mafupi. Salio sikudai, nilirudisha na nusu ya malipo ya awali, na picha za albamu zimechomolewa kwenye video ya jamaa yule yule, ndiyo maana ana mdomo. Kaswichi nimekabandika solotepu kakiwa upande wa AF. Manyuo siichukii, mtu akisimama mimbarani nusu saa itumie, lakini kwa watu wanaocheza, nirudishieni zzz zangu. Kwenye moshi sasa naipeleka nukta ya fokasi pale kola nyeupe inapokutana na koti jeusi, inashika bila kuhangaika. Ningeyajua haya Jumamosi.

Jana shangazi kapiga kutoka Moshi. Anaitaka ile ya mbuzi, ya kwanza, kubwa, ya kuweka kwenye fremu. Kaniuliza bei gani.

Nimemwambia naituma na basi, bure.