Taa za joto za kukaushia rangi ya gari: zifae wapi, zikome wapi

Wanaozitetea taa za infraredi kwa kazi ya rangi nyumbani wana hoja nzito. Taa za mawimbi mafupi haziishughulikii hewa. Mionzi yake hupenya rangi na kulipasha joto bati lenyewe, kwa hiyo thina hutoka kuanzia chini. Hewa ya moto hukausha ngozi ya juu kwanza, thina iliyonaswa ikatafuta njia na kuacha vitundu. Klia (tabaka angavu la juu) ya 2K, yaani inayochanganywa na hadena ya kuigandisha, ikingoja usiku kucha kwenye nyuzijoto 20, hukauka kwa dakika 30 hivi bati likifika nyuzijoto 60. Kwa taa nzuri, hata dakika 15 hutosha.

Lakini ni wapi? Kisumu, boneti nyeusi ikianikwa mchana hufika joto hilo bila taa yoyote. Anayeipinga taa pale Kondele hajakosea sana, ingawa jua halizuii vumbi wala mvua ya alasiri, na taa ikiwashwa jioni kwenye banda lililo wazi huita wadudu wa ziwani waje kunata kwenye klia. Nakuru ni habari nyingine. Usiku wa Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzijoto 10, na kila zikipungua 10, muda wa kukauka huongezeka takriban maradufu. Hapo taa inajilipia.

Wengine huipinga kwa sababu ya bili ya stima. Siwaungi mkono: taa tatu za wati 1,000 zikiwaka robo saa hazimalizi hata uniti moja. Cha kuogopa ni waya. Soketi ya ampea 13 hubeba kama wati 3,000 tu, kwa hiyo taa hizo tatu zimeimaliza, na ekstensheni nyembamba iliyoachwa imeviringwa itayeyuka.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni hewa. Hadena ya 2K ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haiizuii. Mvuke wa thina nao hushika moto, ndiyo maana rangi huachwa ipumue kama dakika 10, hewa ikipita, kabla taa haijawashwa. Kwenye gereji iliyotenganishwa na jikoni au chumba cha watoto kwa ukuta wa mabati, kazi hii isifanywe kabisa, uwe na taa au usiwe nayo.

Wapo wanaotumia balbu nyekundu za vifaranga, za wati 250. Zinafaa kukausha fila kwenye mkwaruzo. Kwenye boneti huchoma katikati na kuacha kando mbichi. Rangi ya NC (ya nitroselulosi) nayo haina hadena, hukauka thina ikishatoka tu, kwa hiyo taa haiongezi mengi.

Kwa hiyo naikubali taa kwa fila, praima na paneli moja, ikiwekwa sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye bati. Hata hapo, nyeusi hupata moto haraka kuliko nyeupe kwa umbali uleule, na bampa ya plastiki hupinda upesi, hivyo kipimajoto cha kuelekeza kinunuliwe kabla ya taa ya pili. Gari zima lipelekwe kwenye chumba cha kupulizia rangi. Ukihamisha taa paneli baada ya paneli, vumbi litakuwa limeshatua kwenye zile zinazongoja zamu.