Nani Kala Ada ya Mwanangu?

Mimi hulalamika kwa utaratibu: kabla sijamlaani mtu, nahakikisha kwanza kwamba nimempata anayestahili. Katika suala la ada ya kituo cha kulelea watoto, utaratibu huo umenikwamisha. Kila mwezi natoa sehemu ya mshahara ambayo siwezi kuitaja mbele ya watu wanaoniheshimu. Asubuhi namkabidhi binti yangu akilia kwa sababu hataki kubaki, na jioni namchukua akilia kwa sababu hataki kuondoka. Kwa fedha ninayolipia vilio hivyo viwili, ningetarajia mlezi wake awe mtu mwenye nafasi, lakini nimewahi kumkuta nje ya lango akihesabu nauli, akirudia kuihesabu, kisha akaanza kutembea.

Siku moja nilimuuliza. Alikuwa na mtoto mmoja begani anayecheua, wa pili kamng'ang'ania pindo la sketi, na wa tatu sakafuni akiwa na kiatu kinywani ambacho hakikuwa chake. Kwa mkono uliobaki alikuwa akijaza daftari la kila mtoto: kala saa ngapi, kalala kwa muda gani, choo mara mbili, laini. Nikamwambia, "Dada, samahani, hivi ada tunazolipa zinakwenda wapi?" Hakuinua hata macho. "Baba Neema," akasema, "na mimi nilidhani wewe unajua."

Basi nikamgeukia mtuhumiwa wa pili, yaani mama mwenye kituo, nikiwa na uhakika kwamba huyo ndiye anayejenga ghorofa kwa jasho la nepi za wanetu. Mama wa watu akanifungulia daftari la mahesabu. Kulikuwa na pango, bima, maji, umeme, sabuni inayotumika kama vile kuna hospitali nzima humo ndani, na juu ya vyote hivyo mishahara, ambayo peke yake ilimeza sehemu kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa. Kilichobaki hakikutosha msingi wa banda, sembuse ghorofa.

Hapo ndipo nilipolazimika kupiga hesabu ambayo kila mzazi huikwepa. Mtoto mchanga hawezi kulelewa kwa makundi. Huko England, kwa mfano, kanuni zinataka mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Wenye miaka miwili walikuwa wanne kwa mlezi mmoja hadi mwaka 2023, serikali iliporuhusu wawe watano kwa matumaini ya kupunguza gharama, ingawa haikueleza mlezi ataotesha wapi mkono wa ziada. Sasa, kama watoto ni watatu, maana yake theluthi nzima ya mshahara wa mtu mzima inatoka mfukoni mwangu kabla hatujagusa pango wala sabuni. Tena mlezi anafanya kazi saa nane, lakini kituo hakiwezi kufunguliwa kwa saa nane, kwa sababu mimi nafanya kazi saa nane na barabarani napoteza nyingine, kwa hiyo lazima awepo wa kumpokea kijiti. Naye huyo huugua, hwenda likizo, na ana tabia ya kutaka kula mchana. Ukimaliza kujumlisha, unakuta umeajiri karibu nusu ya binadamu mmoja kwa mshahara ambao haujawahi kukutosha wewe mwenyewe.

Wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilichambua tatizo la aina hii katika miaka ya 1960 walipochunguza gharama za maonyesho ya sanaa. Muziki ulioandikwa kwa wapigaji wanne karne mbili zilizopita bado unataka wapigaji wanne na dakika zile zile, wakati kiwandani mashine imemwezesha mfanyakazi mmoja kuzalisha kazi ya wengi. Mishahara ya kiwandani inapopanda, nako kwingine inabidi ipande, la sivyo watu watahama, hata kama tija haijaongezeka hata kidogo. Malezi ni hivyo hivyo, ila wapigaji wenyewe wanatapika. Hakuna teknolojia ya kumcheulisha mtoto upesi. Mimi mwenyewe hujaribu kumlisha kwa kasi asubuhi, na matokeo yake huwa naenda nayo kazini kwenye shati.

Lakini hayo yanaeleza ughali tu, hayaelezi kwa nini dada yule anatembea kwa miguu. Jibu lake linaniudhi zaidi, kwa sababu linanihusu. Mshahara wake hauwezi kupanda bila kupitia mfukoni mwangu, na mfuko wangu ni wa kijana mwenye mtoto mdogo, yaani mtu aliye kwenye miaka yake ya kipato kidogo na matumizi makubwa. Kituo kikipandisha ada, mzazi mmoja anamtoa mwanawe, mwingine anamkabidhi kwa shangazi mwenye miwani minene, na kituo kinabaki na mlezi yule yule, pango lile lile, na watoto wawili. Kwa hiyo mwenye kituo anabana pale panapobanika, nako ni kwenye mshahara. Ukiniuliza nani anayenipa ruzuku ya malezi, sitataja wizara yoyote; ni yule dada mwenye kuhesabu nauli.

Na sisi tumemtungia sababu nzuri ya kuipokea hali hiyo: tunasema kazi yake ni wito. Eti anawapenda watoto. Fundi wa gari langu anayapenda magari mpaka huyasemesha, lakini sijawahi kupunguziwa hata kidogo kwa ajili ya mapenzi hayo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, nasi tumeshika nusu ya kwanza. Kazi iliyofanywa na mama na bibi bila malipo tunaiona haina ufundi, mpaka siku mlezi mzoefu anapoacha kazi kwenda kuuza simu, mtoto akagoma kulala kwa mgeni, nasi nyumbani tukakesha.

Wapo waliojaribu kuutafuta mfuko mwingine. Quebec, nchini Kanada, ilianza mwaka 1997 kuwatoza wazazi ada ndogo ya kiwango kimoja huku serikali ikibeba sehemu kubwa iliyobaki, na foleni ya kusubiri nafasi ikawa ndefu. Marekani, sheria ya namna hiyo ilipita bungeni mwaka 1971, Rais Richard Nixon akaikataa. Kinachonishangaza ni kwamba nchi nyingi hazioni ajabu kutumia kodi kumfundisha mtu wa miaka kumi na kumi na tano, lakini akiwa na miezi kumi, umri ambao hawezi kuachwa peke yake hata dakika mbili, anakuwa starehe binafsi ya wazazi wake. Na kodi hiyo ikipandishwa, wa kwanza kupiga kelele nitakuwa mimi.

Baba yangu mdogo, ambaye ana suluhisho kwa kila tatizo lisilo lake, ameniuliza kwa nini mama Neema asiache kazi akae na mtoto. Nikampigia hesabu kwa adabu: mshahara unaopotea, michango ya pensheni inayokatika, cheo ambacho hakitamsubiri, na ugumu wa kuajiriwa upya. Akasikiliza yote, akatafakari, akaniambia, "Basi kaa wewe." Mpaka sasa namtafutia jibu.