Kabla hujanunua mashine ya kufagilia peving, kaipime kwanza hiyo peving

Naandika hii kwa ajili ya vikundi vyote vinavyochukua kazi za usafi nje ya maduka na maofisi hapa Dodoma, maana kila nikikaa naulizwa "dada, tununue mashine gani?" na jibu langu siku hizi ni moja tu, nenda kapime peving (vile vitofali vya kutandaza chini) kwanza, chota na ule uchafu mkononi uuangalie vizuri, halafu ndo tuongee habari za mashine.

Sisi tuko wanane, wamama sita na vijana wawili. Tunafagia mbele ya fremu za Uhindini mpaka karibu na Nyerere Square, na tuna jengo moja njia ya kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali. Kazi ipo jamani, tangu serikali ilivyotangaza 2016 kwamba inahamia huku, na mji ukawa jiji Aprili 2018, kila anayejenga anataka peving mbele ya jengo lake, na peving ya Dodoma mtu akiiacha siku tatu tu kiangazi inageuka kuwa barabara ya vumbi.

Sasa mwaka jana tukachanga hela tukaagiza mashine ya mtumba kutoka Dar. Muuzaji alitutumia picha, mashine nyekundu, ina matairi ya meno kama ya trekta dogo, mbele ina chuma kimesokotwa kama skrubu kubwa, na juu ina bomba la kurushia uchafu pembeni, akasema ni ya kusafishia njia za waenda kwa miguu. Tukaamini. Ilivyofika tukaiwasha asubuhi moja saa kumi na mbili, ikaenda hatua kama kumi hivi, ikachukua kokoto ikairusha mpaka kwenye kioo cha duka la mteja wetu. Kioo tukalipa sisi. Kesho yake zile boliti mbili zinazoshika skrubu zikakatika, kijana wetu akaweka boliti nyingine ngumu zaidi, siku ya tatu giaboksi ikavunjika. Na wiki hiyo hiyo injini nayo ikaanza kutoa moshi wa bluu.

Fundi alivyoifungua akaniuliza, "Mama, ea klina, yaani chujio la hewa, ya hii injini iko wapi?" Tukatafuta wote. Haikuwepo, na haikutolewa na mtu, ilitengenezwa hivyo hivyo.

Ile ilikuwa mashine ya kuondolea theluji. Huko kwenye baridi injini nyingi za mashine za theluji hazina ea klina kwa sababu hewa ya kwenye theluji haina vumbi, na chujio lingeloa likaganda injini ikakosa pumzi. Kwa hiyo wenzetu wako sahihi kabisa kuitengeneza vile. Sisi tukaileta Dodoma mwezi wa nane, upepo mkali, ikavuta mchanga moja kwa moja ndani ya silinda. Na zile boliti tulizoona mbovu kumbe ni laini makusudi, zimewekwa zikatike skrubu ikigonga kitu kigumu ili giaboksi ipone, tulivyoweka boliti ngumu tukawa tumeondoa kinga yenyewe. Inaniuma mpaka leo kwa sababu ile hela ilikuwa ya wamama wanaoamka saa tisa usiku.

Shemeji yangu anaishi Minneapolis, Marekani, na kazi yake msimu wa baridi ni hiyo hiyo, kutoa theluji kwenye vijia vya waenda kwa miguu nje ya majengo ya biashara. Nikamtumia picha. Akanirudishia voisi ndefu ya huruma, "Shem pole sana, hiyo hata huku huwezi kuipitisha kwenye kokoto." Halafu akanieleza wanavyochagua wao, na hapo ndo nilijifunza kuliko kwa muuzaji yeyote.

Anasema kwao sheria ya jiji inampa mwenye jengo la biashara masaa manne tu ya mchana baada ya theluji kuacha kuanguka, njia iwe wazi upana wake wote, kwa hiyo hawana muda wa kujaribu jaribu. Mwezi wa kumi, kabla theluji haijafunika chochote, wanazunguka kila saiti na futi, wanapima upana wa kijia, wanahesabu ngazi, wanachomeka vijiti pale penye mfuniko wa chemba au kona ya ukingo ili mashine isije ikagonga. Mashine yenyewe wanaichagua kwa theluji yenyewe. Ikiwa nyepesi ya sentimita chache wanapitisha brashi ya kuzunguka yenye injini, ikizidi wanachukua mashine ndogo yenye skrubu ya mpira inayogusa ardhi, ikiwa ya magoti ndo inakuja hii yetu yenye skrubu ya chuma na feni ya kurushia. Ngazi na milangoni ni chepe, mkono wa mtu. Hata chumvi wanachagua, ya kawaida inachoka baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi, wakati kuna ya kalsiamu inayofanya kazi kwenye baridi kali zaidi ya hapo.

Mimi nikajiuliza, hivi sisi mbona hatujawahi kuuliza swali hata moja kati ya hayo? Tuliuliza bei na nguvu ya injini basi.

Uchafu wa Dodoma ni mchanga. Theluji mpya kavu, mita moja ya ujazo inaweza kuwa kilo 50 mpaka 100, mchanga mkavu mita hiyo hiyo ni kama kilo 1,600, sasa unaona mwenyewe kifaa cha kurusha kitu chepesi kitapata wapi nguvu ya kurusha mchanga. Halafu theluji ukiisukuma pembeni iko siku itayeyuka iondoke yenyewe. Mchanga hauyeyuki. Ukiusukuma pembeni upepo unaurudisha saa sita mchana, ukiuingiza mtaroni mwezi wa kumi na mbili mvua ikianza mtaro unaziba na maji yanaingia dukani. Ndo maana nasema kifaa cha huku lazima kiwe na mahali pa kubebea uchafu, na kama hakina, hicho kimeuhamisha tu.

Na hapa niseme wazi kuhusu blowa za kubeba mgongoni, zile za kupuliza uchafu kwa upepo, najua zimeanza kupendwa kwa sababu zina haraka. Mimi sizitaki kwenye kazi ya mjini. Vumbi letu limetoka kwenye miamba ya granaiti, lina chembe za silika ndani, na zile chembe ndogo ambazo huzioni ndo zinazoingia kabisa kwenye mapafu na kuyaharibu kidogo kidogo kwa miaka. Unampulizia mamantilie kwenye sufuria yake, unampulizia muuza nguo, na mfanyakazi wako ndo yuko katikati ya wingu saa tatu nzima, kwa barakoa ya kitambaa. Hapana.

Kuna na suala la ardhi yenyewe. Peving haijashikwa na saruji katikati, imeshikwa na mchanga laini uliojazwa kwenye maungio, ukipitisha mashine ya maji ya presha au brashi ya waya kila siku unaunyofoa ule mchanga, baada ya miezi vitofali vinaanza kucheza na mwenye jengo anakuita. Maji ya presha nayo hapa kwetu ni shida nyingine, mji unategemea sana visima vya Mzakwe na mgao tunaujua wote, sioni haki kumwaga maji ya kunywa barabarani wakati mtaa wa pili wanasubiri bomba litoke.

Upana nao. Tulipopima saiti zetu kwa futi, njia nyingi zinaonekana pana lakini ukitoa nguzo, meza za wamachinga na bodaboda zilizopaki, unabaki na mita moja na kidogo, na mara nyingine kuna kangazi cha duka. Mashine ya kukalia hapo inapita wapi? Labda kule Mtumba kwenye viwanja vipana, kule naikubali.

Tunachotumia sasa ni hivi. Mkokoteni wa kusukuma kwa mkono wenye brashi mbili za duara mbele na ndoo ya kukusanyia nyuma, hauna injini, magurudumu ndo yanazungusha brashi. Unafanya kazi uchafu ukiwa mkavu, ukiloa unaziba, na brashi zinalika haraka kwenye peving kwa hiyo usinunue kama muuzaji hana brashi za akiba dukani, siyo za kuagiza, namaanisha uzishike kwa mkono siku hiyo hiyo. Pale penye vumbi jingi kijana anatangulia na bomba la mgongoni la lita 16, lile la kupulizia dawa shambani lakini jipya lisilowahi kuwekwa dawa, ananyunyiza ukungu kidogo vumbi lilale bila kugeuka tope, anasubiri kidogo ndo mama anafuata na fagio la nailoni la mpini mrefu. Kwenye ngazi na kona bado fagio la chelewa halina mpinzani, ila tumelifungia mpini maana migongo ya watu imeumia vya kutosha. Chepe, toroli, barakoa za kuzuia vumbi kweli kweli. Tunaanza saa kumi alfajiri kabla upepo haujaamka.

Masika tunabadilisha vyote, mkokoteni unapumzika, tunatoka na chepe bapa na mpira wa kusukumia tope, tena tope inabidi litolewe siku hiyo hiyo likiwa bichi maana likikauka ni kulivunja kwa kugonga na peving inaumia.

Ile mashine nyekundu tuliipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Alikata skrubu na bomba akauza chuma chakavu, hela akakata kwenye ufundi, fremu na yale matairi ya meno akatuundia toroli la kubebea mapipa mawili. Mama mmoja wa kikundi ndo analisukuma sasa, anasema halizami hata kwenye mchanga wa nyuma ya soko. Jumatatu tunaenda eneo la Kisasa kuangalia jengo jipya, mwenye jengo ameshatutumia picha ya mashine anayotaka tuinunue. Nimemwambia tutakuja na futi.